Kitabu cha Saba cha Shangazi

Shangazi yangu wa Mbita alipopofuka, nilianza kumsomea riwaya za mapenzi ya enzi za wafalme, zile ambazo mashujaa wake husali kabla ya kupigana na majoka. Tulimaliza sita. Kitabu cha saba, cha mwisho, nilikipokea stendi asubuhi moja kikiwa bado kwenye nailoni, nikampelekea moja kwa moja.

"Cha nini tena?" akaniuliza. "Si ulinimalizia jana?"

"Shangazi, jana nilikuwa Sori nikinunua dagaa wa omena."

"Ulikaa hapo hapo, ukikohoa. Binti mfalme alimzika mumewe, halafu akarudi peke yake kufungua lango la mji."

Nilichana nailoni, nikafunua ukurasa wa mwisho. Mjane alikuwa akifungua lango.

Nilirudi nyuma nikaanza sura ya kwanza, naye akasikiliza akitabasamu, midomo yake ikitangulia maneno yangu kidogo tu. Tulipomaliza, baada ya wiki mbili, nilimuuliza nimtafutie riwaya gani nyingine.

"Usijisumbue, mwanangu," alisema. "Yule mwenzako anayekohoa ameshaanza kunisomea nyingine."

Bado ninamtembelea kila Sabato baada ya ibada, ila huwa nasimama kwanza mlangoni, nikisikiliza.