Ukucha wa Shangazi

Mama yangu aliungua muundi wa mguu wa kushoto akiwa msichana, alipomwagikiwa na uji wa moto. Kovu lake nililizoea kama nilivyouzoea uso wake. Miaka michache iliyopita kovu hilo lilifumuka kidonda. Akakificha chini ya kitenge, akawa anakikanda kwa maji ya moto na chumvi, mpaka siku harufu ilipomsaliti. Tuligombana kutwa nzima, kisha nikampeleka hospitali. Wakakata kipande kidogo cha nyama, wakapima. Ilikuwa saratani ya ngozi.

Tulichokiogopa ni kimoja tu: kukatwa mguu. Mama ni mkulima wa mpunga. "Nitakaa barazani niwachambulieni mchele mpaka lini?" aliuliza. Daktari akasema atajitahidi kuuokoa. Angetoa uvimbe wote, na shimo ambalo lingebaki karibu na mfupa angelifunika kwa ngozi bandia, kipande chembamba chenye vitundu kama sifongo, juu yake kina utando mfano wa nailoni. Nyama mpya ingeota humo kwa wiki kadhaa, ndipo utando ubanduliwe na ngozi nyembamba ya paja ipandikizwe juu.

"Yaani mnanijengea uzio, nyama itambae kama boga," mama akasema.

"Hasa, mama. Ila boga hili halishikwishikwi. Bandeji tutafungua sisi wenyewe."

Baada ya upasuaji tukarudi nyumbani Kibaoni na sharti hilo moja. Lakini kwetu mgonjwa hapewi pole kwa kutazamwa bandeji. Mtu aliyepanda treni kutoka Chita na kuku kwapani anataka akione kidonda chenyewe, asikitike vizuri. Ukimnyima, umemwita mchawi. Basi mimi nikakaa mlangoni kama mbwa mkali, na mama akaona haya kwa niaba yangu.

Siku moja nikaenda sokoni kununua dagaa. Niliporudi nilikuta bandeji imefunguliwa, na shangazi yangu, dada wa marehemu baba, amepiga magoti na tochi ya simu. Alikuwa anabandua ukingo wa ule utando kwa ukucha.

"Wamesahau nailoni humu, mwanangu," akaniambia, kwa huruma ya kweli kabisa. "Ndiyo maana hakikauki."

Hata shikamoo sikumpa. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii shangazi yake, likiwemo kwamba mguu ukikatwa atakuja yeye kutulimia. Akajifunga khanga yake, akaondoka bila kuaga.

Hospitalini daktari alikuta ukingo umeinuka kiasi cha punje ya harage. Akapasafisha, akapashona upya, akasema tusubiri tuone. Kwenye bajaji mama alilia njia nzima. Nikambembeleza kwamba mguu utapona.

"Nani analilia mguu?" akanijia juu. "Bandeji nilifungua mwenyewe. Katoka Kiberege na jua lote lile, nimwonyeshe kitambaa? Na wewe ukamfukuza kama mbuzi."

Hasira zangu huja mbio, na aibu hufuata nyuma ikichechemea. Jumapili iliyofuata nilikwenda Kiberege kuomba radhi. Shangazi alinipikia wali na kambale, akanifungia na mwingine wa mama, akasema yamekwisha. Lakini Kibaoni hakukanyaga tena. Kila nilipompigia simu alikuwa na udhuru.

Ngozi ya paja ilishika vizuri, isipokuwa pale pa harage, napo pakajiziba polepole. Siku daktari alipomruhusu mama kukanyaga, alitembea hadi getini na kurudi, akadai jembe lake. Nilimpenda mno siku ile.

Msimu wa kupandikiza mpunga ulipofika, shangazi akaja. Nilimwamkia mara mbili. Mama akaweka mguu juu ya kigoda. Kiraka kilikuwa kimebonyea kidogo, laini, hakina hata kinyweleo. Shangazi akainama, mikono ameifumbata mgongoni, akakitazama muda mrefu.

"Gusa, wifi."

"Siwezi. Nitaharibu tena."

Mama akauvuta mkono wake kutoka mgongoni, akauweka pale pale pa harage, akaushikilia. Ndipo nikaona kwamba shangazi amekata kucha zake zote, karibu na nyama kabisa.