Sababu ya Tano ya Kuhamia Nchi ya Ngano

Tulikuwa watano kila barua ilipofunguliwa. Mama yangu, akikaa karibu na mlango kwa sababu ya pumzi zake. Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Mtoto wao wa kike, ambaye baba yake hakupata kumwona hata siku moja. Mwenye nyumba wetu, mwanamke wa Maskati khasa, hajui Kiswahili ila salamu, lakini hakosi kuja. Na mimi, msomaji, msichana wa miaka kumi na sita. Majina yao yote nnayo, na ya baba zao na babu zao, lakini sitayaandika. Waliokufa siwezi kuwaomba ruhusa.

Tuliingia Maskati mwaka wa sitini na nne, tumetoka Unguja na masanduku mawili. Kaka alikuwa keshakwenda Uingereza kusoma, mkewe kamwacha na mimba. Mambo yalipoharibika kwetu akawa hana pa kurudi. Akavuka mpaka Kanada, akapata ukarani katika stesheni ndogo ya reli, kwenye jimbo moja la mbuga, ngano mwanzo mpaka mwisho. Huko ndiko alikotaka mkewe na mtoto wamfuate.

Alikuwa akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ili nipate kusoma mimi niliyepita chuoni tu, Kurani na basi. Wifi naye alikhitimu, lakini yeye alihifadhi kwa sikio. Ukimpa karatasi ngeni hawezi. Kwa hivo maneno ya mumewe yalimfikia kwa mdomo wangu.

Kila barua ilikuja na sababu ya kwenda kuishi huko, kaitia nambari kama mwalimu. Ya kwanza ilikuwa mbingu. "Nasikia huko milima imekubaneni," aliandika. "Hapa mbingu inaanzia miguuni." Na kweli ilitubana ile milima ya Maskati, mawe matupu, mchana kutwa yanakunywa jua, magharibi yanaturudishia sisi. Ya pili, kwamba katika nchi ile mtu hapotei. Imelala kama mkeka, na kila kijiji kina ghala la ngano la mbao, refu, jekundu, unaliona tangu kijiji cha pili. Ukitoka kutembea unalitazama ghala, unarudi. Ya tatu, matembezi yenyewe. Siku za mapumziko alipanda treni za mizigo kwenda kuona nchi: kaona ziwa la chumvi ambalo mtu hazami, kaona bata bukini wanaohama wakafunika jua, kaona mbingu ya usiku ikicheza rangi ya kijani.

Ya nne, basi la skuli linakuja mpaka mlangoni kuchukua watoto, wa kike na wa kiume. Hapo wifi alimtazama mtoto wake. Maskati ile hakukuwa na skuli ya msichana.

"Na majirani?" aliniuliza. "Hakusema khabari ya majirani?"

"Kasema wa karibu yuko maili tatu."

"Maili tatu! Sasa nikitaka kumsengenya ntamwona lini?"

Mama akacheka mpaka akakohoa. "We mwanangu, huko utasengenya ng'ombe."

Mwenye nyumba akataka kujua tunacheka nini. Nilipomfasiria hakucheka. Akauliza kwa Kiarabu, "Na kahawa atakunywa na nani?"

Lakini siku zile wifi alianza kuniuliza baridi ya huko ni baridi gani, na sokoni Matrah nguo za sufi zinauzwa duka lipi. Mama naye alisikia. Ilipokuja barua ya tano aliniita jikoni kabla sijaifungua.

"Soma salamu, soma afya yake. Hayo ya njoo njoo yapite. Akenda na mtoto, mimi ntabaki na nini?"

Ningeweza kukataa. Sikukataa, maana na mimi nilikuwa sitaki aende. Katika mji ule shoga yangu alikuwa yeye tu.

Sababu ya tano haikuwa sababu, ilikuwa swali. Niliyaona maneno, jicho likayapita, mdomo ukasema, "Wasalamu, mimi mumeo." Wifi akanipa majibu: mtoto anahesabu mpaka ishirini, sote wazima. Nikaandika hivohivo, ikapelekwa posta.

Khabari ya kifo tuliipata kwa jamaa yetu wa Bahreini, aliyeandikiwa na wenzake kaka wa kazini. Kaka katoka stesheni kwenda kibandani kwake, si mbali, dhoruba ya theluji ikamkuta njiani. Walimpata baada ya siku mbili. Ghala lilikuwapo palepale, lakini hakuliona.

Miezi mitano ilikuwa imeshapita. Shekhe wa mtaa akahesabu: eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na inaanza siku mume aliyokufa, si siku mke aliyosikia. Kwa hivo imekwisha. Wifi hana eda ya kukaa.

"Yaani nimemkalia eda na hina mikononi," akasema. Na ni kweli. Katikati ya siku hizo tulikwenda harusini Matrah, na hakuna aliyeimba kumshinda yeye.

"Haikulazimu tena, mwanangu," mama akamwambia.

"Najua, mama. Ntakaa."

Akaianza upya, chumba kimoja, bila udi, bila mafuta. Naye yumo ndani ya eda hiyo, ikaja barua. Kaka kaiandika akiwa hai, ikazunguka nchi nyingine mpaka ikatufikia. "Sababu ya sita," nikasoma, "baridi nimeizoea." Joto la siku ile karatasi inaninata vidoleni, na mimi nasema kwa sauti yangu kwamba kope zangu zinaganda. Nikaona kama kaka kasimama kooni mwangu.

Wifi akasema, "Hiyo ya sita. Ya tano iko wapi?"

Nikaikunja ile ya sita.

"Kaitoe, wifi. Soma, na leo usiniruke."

Mama akageukia ukutani. Nikasoma: "Nijibu neno moja tu. Kama unakuja, ntapanga nyumba mjini kabla ya baridi, stesheni hii niiache. Kama huji, ntabaki hapahapa. Mtu peke yake, mji wa nini?"

"Rudia."

Nikarudia.

"Rudia."

Mara ya tatu niliishia penye neno 'huji'. Akaichukua karatasi mkononi mwangu, wala hakunirudishia.

Alimwita mwanamke aliyekuwa akisomesha chuoni, na siku alipotoka eda alikuwa anajisomea mwenyewe, polepole, kwa kidole. Hakunigombeza hata mara moja. Tuliishi nyumba moja miaka na miaka, tukala sahani moja, na hakunipa tena karatasi kunitaka nimsomee, hata ya daktari. Mwaka wa sabini, skuli ya wasichana ilipofunguliwa, alimpeleka binti yake kwa mkono wake. Watu wakamwambia sasa njia zimefunguka, mbona hendi kuiona Kanada? Akawajibu kwamba aliyemwita hayupo. Lakini jioni nikimsikia akimhadithia mtoto ile nchi, ziwa lake na ndege wake, kama mtu aliyekulia huko.

Kwa hesabu yangu, barua ya tano ilifika wakati wa joto, na jibu lingewahi. Nimehesabu kwa miezi ya Kiarabu, nikahesabu kwa ya Kizungu. Lakini nilikuwa msichana, na barua zilikuwa zikichelewa. Huenda ilitufikia huko kwake baridi imeshaingia, na neno langu lisingemkuta popote. Kama yuko kati yenu aliyesikia kwa wazee wake vingine, anisahihishe. Katika yote niliyoyaandika, hapa ndipo nnapoomba niwe nimekosea.