Sukari ya Bibi Faida

Karanga zikikaribia kuungua hutoa harufu ambayo siwezi kuikosea. Juzi ilinikuta kitandani, mchana, nikainuka bila fimbo nikaifuata mpaka jikoni. Mjukuu wangu alikuwa amesimama mbele ya jiko la umeme, simu mkononi, akitengeneza biskuti zisizo na sukari wala unga. Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto, kwamba siku hizi huko Ulaya wamegundua biskuti za watu wenye ugonjwa wa sukari. Wamegundua! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye ana haraka, hakuniuliza ninacheka nini. Ninyi mna nafasi, basi kaeni niwaambie.

Biskuti hizo nilizila mjini kwetu Kasongo nikiwa na miaka saba, wakati wa vita vya wazungu. Aliyezipika ni mama wa mama yangu, Bibi Faida, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyovuka nyumba tatu. Bibi alikuwa mpishi wa arusi. Mtaani kwetu, nyumba ikiozesha, mtu wa kwanza kupelekewa habari alikuwa yeye, na sheikh alifuata baadaye. Masufuria yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba nilijificha ndani ya moja nilipokuwa nimekosa. Akishika mwiko mbele ya pilau ya watu mia, hata wanaume walipunguza sauti.

Mwaka huo Bibi akaanza kunywa maji bila kiasi. Alimaliza mtungi kabla ya jua kupanda, akawa anatoka nyuma ya nyumba kila mara, na pale alipotoka sisimizi walipanga mstari. Sitasema zaidi, alikuwa bibi yangu. Nguo zikaanza kumpwaya. Mwishoni mama yangu alimlazimisha kwenda dispensari, nami nikamsindikiza ili nimbebee kikapu. Aliyempima alikuwa Filipo, kijana wa Kabambare aliyesomea uuguzi, ila kwetu kila mwenye koti jeupe tulimwita munganga.

Nilikaa chini ya dirisha nikasikiliza. Nilimsikia vizuri kabisa akisema, "Bibi, weye uko na sukari mingi. Mingi sana!"

Na Bibi akajibu, "Sukari? Miye sijaona sukari tangu vita ianze."

Wakati huohuo lori likakwama kwenye matope barabarani, watu wakaanza kulisukuma kwa kelele, nikakimbia kuangalia. Yaliyobaki sikuyasikia. Niliporudi, Bibi alikuwa ametoka, uso umemkauka. Karibu na nyumbani akanishika bega.

"Mwaju, usimwambie mutu tulitoka wapi. Umesikia?"

Nilisikia, na nikaelewa kila kitu, au ndivyo nilivyodhani. Lazima mjue sukari ilikuwa nini siku zile. Wanaume walipelekwa porini kugema mpira, meli zilibeba vitu vya vita, na sukari ilipotea madukani kabisa. Mgiriki mwenye duka alipopata gunia moja, habari ilifika mji wa Nyangwe kabla hajalifungua. Sasa bibi yangu alikuwa na sukari mingi, munganga mwenyewe ameona, na ilikuwa siri! Usiku nililala nikitabasamu. Asubuhi nilitafuta ndani ya masufuria, chini ya kitanda na nyuma ya magunia ya mpunga. Sikuona kitu, nikamheshimu Bibi zaidi kwa ufundi wake wa kuficha.

Siri hiyo niliibeba siku mbili. Siku ya tatu, kisimani, Aziza binti wa jirani yetu Mama Amisi akaanza kujisifu kuhusu baiskeli mpya ya baba yake. Kengele yake inalia hivi, taa yake inawaka vile. Nilivumilia mpaka aliponiuliza sisi tuna nini.

"Bibi yangu iko na sukari mingi," nikamwambia. "Ata munganga amesema!"

Jioni Mama Amisi alikuja na kikombe. Mkaza mwanawe alikuwa amejifungua, na uji wa mzazi bila sukari ulimtia kichefuchefu. Aliomba kwa adabu, vijiko viwili tu. Bibi akasema hakuna. Mama Amisi akacheka kidogo, akadhani ni utani, akaomba kijiko kimoja. Bibi akasema hakuna tena, safari hii kwa sauti ya kuvuka nyumba tatu. Kesho yake vikawa vikombe vitatu mlangoni. Keshokutwa havikuja tena, bali wanawake walikuwa wakinyamaza tulipopita. Nilisikia mmoja akisema Bibi Faida analalia sukari na mzazi wa jirani anatapika.

Mama yangu hakuweza kuvumilia. Nilikuwa nikipepeta karanga uani nilipowasikia ndani.

"Mama, sema tu. Sema ni ugonjwa iko mu damu, watu watanyamaza."

"Nikisema, nani ataniita tena ku arusi? Unaona mugonjwa akipikia maharusi pilau?"

Ni kweli, msidhani alikuwa anazidisha. Watu wa mtaa wetu waliamini kwamba mkono wa mgonjwa huacha kitu chake ndani ya chakula, na chakula cha maharusi ndicho hawakukichezea hata kidogo. Tena arusi kubwa kuliko zote za mwaka huo ilikuwa wiki moja baada ya Idi ya kuchinja, na Bibi alikwisha kupewa habari. Akifungua mdomo, anapoteza arusi. Akinyamaza, anaitwa mchoyo aliyemnyima mzazi, na hakuna atakayegusa sinia yake siku ya Idi. Mimi mwenye kosa nilisimama na ungo mkononi, na hata hapo sikuelewa vizuri ugonjwa na sukari vinakutana wapi. Nilielewa tu kwamba kisimani nimeharibu kitu kikubwa. Niliogopa, nikanyamaza kama mwizi.

Siku ya Idi kwetu, wanaume wakirudi kuswali, wanawake walipita nyumba kwa nyumba kuonja sinia. Si kula, ni kuonja, kipande kimoja kitamu katika kila nyumba. Ukipita mlango bila kuonja, umevunja ujirani, na kuurudisha ni kazi ya miezi. Mama alimsihi Bibi atafute sukari kidogo kwa Mgiriki, apike vileja vya wageni, na chake kisicho na sukari akile pembeni.

"Pembeni?" Bibi akasema. "Mu nyumba yangu? Nile pembeni sawa kuku? Watakula ile miye nakula. Wataonja, wataona kama kuko sukari ao hapana!"

Munganga alikuwa amemwambia aache sukari, asali na ndizi mbivu, muhogo na mchele apunguze sana, maana vyote hugeuka sukari tumboni. Alimwachia samaki, sombe, yaani majani ya muhogo, mayai na karanga. Bibi alichukua maneno hayo kama mtu aliyetukanwa, kisha akakaa nayo jikoni. Akakaanga karanga mpaka zikatoa ile harufu, tukazimenya na kuzipepeta. Akazitwanga pamoja na mbika, ndizo mbegu za maboga, mpaka mafuta yakaanza kung'aa kwenye mchi. Akatia mayai ya kuku wetu, chumvi ya kidole, na iliki aliyokuwa akiitunza kwa ajili ya pilau. Akaukanda mchanganyiko, akaukata kwa mdomo wa kikombe cha kahawa. Ndani ya sufuria alimwaga mchanga mkavu, akaweka sahani juu ya mchanga, akafunika, akapalia makaa juu ya kifuniko. Biskuti ya kwanza iliungua, ya pili ikavunjika ikawa unga. Alitukana mayai, akatukana vita, akaanza upya. Ya tatu alinipa mimi.

Niseme ukweli, haikuwa biskuti ya kumbembeleza mtoto. Iling'ang'ania kwenye kaakaa, na chumvi ilitangulia. Lakini ukiitafuna bila haraka, karanga inatoa utamu wake yenyewe, mdogo, halafu iliki inafuata. Bibi alinikazia macho mpaka nikameza. Nikamwambia ni tamu, akajibu kwamba nimejifunza uongo kwa mama yangu.

Asubuhi ya Idi wanawake walikuja kweli, wanane kwa pamoja, wamevaa vitenge vizuri na nyuso za kwenda mazikoni. Mama Amisi alitangulia. Walikaa mkekani, Bibi akaleta sinia mwenyewe, akaiweka katikati, akaketi nayo. Hakuna mkono ulionyooka. Kisha Mama Amisi akachukua biskuti moja, akauma, akatafuna muda mrefu, na nikaona macho yake yakijaa hasira.

"Hakuna sukari ata kidogo," akasema. "Mwanamuke wa kupikia mji muzima, siku ya Idi, anatupa karanga na chumvi! Yake anaificha!"

Werevu wa Bibi ukamgeuka. Yeye alidhani biskuti zitamsafisha, kumbe zilikuwa ushahidi wa uchoyo wake.

"Nani alikuambia miye niko na sukari?" Bibi akauliza.

Mama Amisi akaninyooshea kidole. "Mutoto wako mwenyewe. Alisema ku kisima, mbele ya watoto wote. Munganga ameona."

Macho yote yakanijia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa. Bibi aliniangalia. Alikuwa anajua sasa.

"Mwaju, ulisema?"

"Nilisema, Bibi."

"Basi hapa kuko mwongo mumoja," Mama Amisi akasema. "Weye ao mutoto."

Mama yangu alimtazama Bibi, akitikisa kichwa kidogo sana, kama anamwomba. Bibi akachukua biskuti, akaiuma, akatafuna, akameza. Akajipangusa midomo na ncha ya kitenge chake.

"Mutoto hajadanganya," akasema. "Sukari iko. Mingi." Akavuta mkono wa nguo, akanyoosha mkono wake uliokonda mbele ya pua ya Mama Amisi. "Iko hapa, mu damu. Ni ugonjwa. Munganga amesema inaniua polepole. Ulileta kikombe, mama, kilete tena! Munganga Filipo iko na sindano, atakutolea vijiko vyote unataka. Na hii njo chakula yangu. Sili pembeni. Anayetaka aonje, asiyetaka mulango ni ule."

Hakuna aliyetoka. Mmoja alisema "Masikini" na Bibi akamwambia masikini akamtafute kwingine. Mama Amisi alibaki na nusu ya biskuti mkononi, akiiangalia. Kisha akaimalizia, akachukua nyingine, akauliza kwa sauti ndogo kama mbika hukaangwa pamoja na karanga au kando. Bibi akamjibu kando, kwa sababu zinaungua upesi. Wengine wakanyoosha mikono. Sinia ilirudi jikoni tupu, na kabla ya kuondoka Mama Amisi alikuwa ameahidi kuleta mayai.

Mimi? Nilifurahi kupita kiasi! Sikuwa mwongo, mji mzima umesikia. Siku hiyohiyo nilikimbia kwa Aziza kumwambia kwamba nilisema kweli, sukari iko, na ya kwetu iko ndani ya damu kabisa, pasipoweza kuibwa na mtu. Akaniacha, akaenda kupiga kengele ya baiskeli ya baba yake. Ndivyo nilivyoitunza siku ile kwa miaka mingi, kama siku ya ushindi wangu.

Arusi kubwa ilipikwa na mwanamke mwingine aliyeletwa kutoka upande wa Lusangi. Ngoma tulizisikia kutoka nyumbani. Bibi alikaa uani akichambua sombe, na nilipomuuliza kwa nini hatuendi, alisema pilau ya wenyewe ina mawe. Nyingine ikafuata, na nyingine, na hakuna aliyekuja kumpa habari. Hakwenda kuomba kwa mtu. Kila Idi alipalia makaa juu ya kifuniko chake, akaweka sinia ileile ya biskuti za karanga, wakaja wakaonja, wakasifu, na pilau wakampelekea mwingine aipike. Dawa ya ugonjwa ule ilikuwepo, nilikuja kujua, lakini haikuwa imefika kwa watu wa rangi yetu pale Kasongo. Bibi aliishi miaka mitatu mingine, akipungua kila mwezi, akizidi kuwa na sauti.

Sasa mimi mwenyewe nina sukari, na wanangu wanataka nisiwaambie watu kanisani kwa wakwe zao na msikitini kwetu. Nawaambia wote, tena kwa sauti. Lakini sikujifunza hilo nilipokuwa mtoto. Nilikuwa mtu mzima, nina wajukuu, siku nilipokaa na jambo lile nikalihesabu upya, nikaona nilichokuwa sijakiona kutoka pale mlangoni na birika langu. Neno moja lilitosha. Bibi angesema "Mutoto amedanganya," na Mama Amisi angeamini kwamba mimi ni mwongo, wanawake wangecheka, ugonjwa ungebaki siri, na wiki iliyofuata angekuwa mbele ya masufuria yake, mwiko mkononi. Mimi ningelia mpaka adhuhuri, kisha ningesahau. Watoto huitwa waongo kila siku, na Bibi alilea kumi na mmoja, alilijua hilo kuliko mtu yeyote mkekani pale. Neno lile hakulisema.