Shingo ya Bi Eduviges

Katika ukoo wa Osuna, pale Mazatlán, hakuna aliyewahi kuongeza mwaka bila kutumbukizwa uso kwenye keki na Bi Eduviges. Desturi yenyewe ni ya kila mtu: ukishaimbiwa na kuzima mishumaa, watu wanapiga makofi na kudai, "Ang'ate, ang'ate," nawe unainama kuing'ata keki bila mikono, ukijua fika kuna mtu kasimama nyuma yako. Ila kwa akina Osuna mtu huyo alikuwa mmoja siku zote. Maisha yake yote aliuza kamba wabichi kando ya barabara, ndoo huku na mwavuli kule, na mkono uliozoea kuwakata kamba vichwa haukuona taabu na kichwa cha mtu.

Alimtumbukiza padri siku ya jubilei yake, na padri akabariki watu akiwa na krimu puani. Alimtumbukiza binti yake Nereida akiwa na shela ya harusi. Shemeji yake Leobardo, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye masharubu anayoyang'arisha kama kiatu cha gwaride, alipata zamu yake kila mwaka, na kila mwaka aliapa huku akijifuta, "Siku yako inakuja, shemeji."

Haikuja. Kila siku ya kuzaliwa ya Bi Eduviges ilipokaribia, alikufa ndugu yake fulani wa mbali ambaye hakuna aliyewahi kumsikia, naye akajifungia ndani kuomboleza mpaka hatari ipite. Kwa hesabu hiyo alikuwa ameshazika ndugu wa kujaza makaburi ya mji mzima.

Lakini miaka sabini haikwepeki kwa msiba wa kubuni. Nereida alikwisha weka nafasi Jumapili mchana katika mkahawa wa Changu Mchangamfu, kule ufukweni. Bi Eduviges alikubali kwa sharti moja.

"Keki sitaki. Nataka mnara."

Mnara ni mlima wa kamba wabichi, pweza, chaza na matango, uliopangwa ghorofa kwa ghorofa na kuogeshwa ndimu na pilipili za kutoa machozi hata ukiwa meza ya jirani. Hesabu yake ilikuwa safi: ni mwendawazimu gani atamsukuma mwanamke mzima usoni kwenye pilipili? Akaenda saluni asubuhi bila wasiwasi, nywele zikasimamishwa kama taji.

Mchana ule mkahawa ulifurika. Watoto walikimbizana chini ya meza, bibi mmoja alimnywesha mjukuu mchuzi wa kaa kwa kijiko, na bendi ya matarumbeta ilipiga kwa nguvu hata mtu akitaka chumvi ilibidi aonyeshe kwa vidole. Mnara ukaletwa, mshumaa umechomekwa kileleni katikati ya mikono ya pweza. Wakaimba. Akazima. Kisha akakaza shingo, mikono kashika meza, sikio lake likimtafuta Leobardo nyuma.

Leobardo hakuwa nyuma. Alikuwa mbele yake, anampa uma.

"Taratibu, shemeji," alisema, sauti ya hospitalini. "Usije ukapaliwa."

Nereida akamfunga kitambaa shingoni, akaanza kumkatia pweza vipande vidogovidogo. Kisha akatoa kikopo mkobani. Ndani mlikuwa na keki isiyo na sukari, imeshakatwa.

Bi Eduviges akaitazama ile keki kama anayetazama chaza aliyeoza.

"Mbona hakuna anayesema 'ang'ate'?"

"Ung'ate na meno gani, mama? Hayo ya bandia hata hujayazoea."

"Swali langu sio meno."

Nereida akashusha pumzi. "Tulikaa kikao, mama. Kwangu. Tukakubaliana hakuna kukugusa."

"Mimi nilipinga," Leobardo akaingilia haraka. "Nilipinga sana, shemeji, mashahidi wapo. Lakini wakasema shingo ya umri wako ikivunjika haiungi."

"Umri wangu umefanya nini?"

"Haujafanya kitu. Upo tu."

Hapo ndipo Bi Eduviges alipomkumbuka marehemu mumewe, Fermín. Mwaka wake wa mwisho duniani, Fermín aliketi mbele ya keki akiwa mifupa mitupu, naye, kwa huruma, hakumsukuma. Alimlisha kwa kijiko na kumfuta mdomo. Fermín aliitazama keki nzima ile, akamtazama mkewe, akasema, "Kumbe hali yangu ni mbaya kiasi hiki." Siku ile Bi Eduviges alidhani mume anatania. Sasa alitamani hata mjukuu amrushie kaa kichwani, apate ushahidi kwamba bado yumo kwenye mchezo.

"Leobardo," alisema, "hayo masharubu ni ya mwanamume au umeazima?"

"Ya kwangu, shemeji. Lakini kikao kimeamua."

Meza ya jirani walikuwa wanamwimbia mtu mwingine. Huyo alikuwa Bwana Anselmo Tirado, mkuu wa wakaguzi wa kodi, bonge la mtu mwenye tai siku ya Jumapili, amezungukwa na watumishi wake waliopigwa pasi mpaka roho. Akicheka, wanacheka, akikohoa, wanasogeza maji. Mwenye mkahawa aliwahudumia mwenyewe, huku jasho likimtiririka kuliko samaki wake walio juu ya barafu. Mbele ya bosi ilisimama keki ya ghorofa tatu, nyeupe pe.

Mishumaa ikazimwa. Mtumishi mmoja akaanza, "Ang'a..." akalimeza lililobaki. Kila mmoja akaangalia mikono ya mwenzake. Bosi aliinama kidogo, akangoja. Akangoja tena. Kisha akainua kichwa polepole, akanyoosha tai iliyokuwa imenyooka.

Bi Eduviges aliiona shingo ile ikingoja bure. Akavua miwani, akayatoa meno, akayafunga kwenye kitambaa na kumkabidhi bintiye.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Msalani."

Msalani ni kushoto. Yeye alikwenda kulia, akisema, "Mle vizuri, mle vizuri," kwa kila meza, kama ilivyo adabu ya kupita penye watu wanaokula. Alipofika kwa wakaguzi akasema, "Mle vizuri, wanangu," akaweka kiganja kwenye kisogo cha mkuu wao, na mkono ukafanya kazi uliyoizoea.

Bwana Tirado alizama mpaka masikio.

Bendi ilinyamaza ala moja baada ya nyingine, mwenye tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, akiwa wa mwisho kwa sababu hakuona. Mwenye mkahawa akakaa chini bila kiti. Bosi akainuka, uso wote krimu, macho mawili tu yanachungulia.

"Nani huyu?"

"Eduviges, muuza kamba," alijibu mwenyewe, kwani watumishi walikuwa wameshatazama dari. "Nimetimiza sabini leo na wangu wameniletea keki iliyokatwa."

Bosi aliligeuza neno hilo kichwani kama anayekagua risiti. "Iliyokatwa," alirudia. Kisha, bila haraka, akaweka kiganja kipana kama sinia nyuma ya taji la nywele za saluni, na kumpeleka bibi mzima moja kwa moja kwenye ghorofa ya pili.

Nereida alipiga yowe na kufika mbio, tayari kuokota vipande vya shingo. Alimkuta mama yake anaibuka mweupe kama mzimu, kibogoyo, anacheka mpaka hana sauti. Tuba ikaanza tena, na wengine wakaifuata. Watumishi wakasubiri bosi acheke. Alipocheka, mmoja akajaribu bahati yake, akampaka bosi krimu kwa kidole, na hakufukuzwa.

Mtu aliyeumia ni mmoja tu. Leobardo alisimama pembeni, masharubu yamelegea.

"Maisha yangu yote nimeisubiri siku hii," alisema. "Nimekuwa mtoto mzuri, nimeheshimu kikao. Halafu anakuja mtu wa kodi."

"Kodi huwa inatangulia, shemeji," alisema Bi Eduviges, akijifuta macho. "Lakini ghorofa ya chini bado nzima. Na shingo si unaiona?"

Leobardo akamtazama Nereida. Nereida akaitazama keki, akamtazama mama yake aliyekwisha inama mwenyewe, akakikumbatia kitambaa chenye meno.

"Mara moja tu, baba mdogo," alisema. "Na uanze taratibu."

Leobardo hakuanza taratibu.