Vigae vya Mtungi wa Mama

Wajukuu wakiniuliza nani alikuwa mfinyanzi kwetu, huwajibu kwamba tulikuwa wawili. Huo ni uongo wa kujipendelea. Mfinyanzi alikuwa mdogo wangu. Mimi nilikuwa mtu wa kupasua vyungu.

Nilirudi kwetu huku juu Newala miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, baada ya mume wangu kwenda kukata mkonge Tanga na kusahau njia ya nyumbani. Kabla ya hapo tulikaa kwao Chiungutwa, upande wa Masasi. Nilipoondoka kwetu mdogo wangu alikuwa msichana wa kubeba kibuyu. Niliporudi nikakuta wanawake wanatoka mbali kama Kitangari kuja kumtafuta yeye, kwa sababu mitungi yake ilipoza maji na haikuvuja. Mama mikono ilikuwa imeanza kutetemeka, ameacha kufinyanga, na mazungumzo yake yote yalikuwa juu ya kazi za mtoto wake mdogo. Roho iliniuma tangu siku ya kwanza, na sikuona sababu ya kuificha.

Mama alikuwa na kijiwe cheusi cha kusugulia vyungu kabla havijakauka. Alikirithi kwa bibi, na upande mmoja kilikuwa kimeliwa na vidole gumba vya wanawake nisiowajua. Alikifunga kwenye pindo la kanga yake. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hiyo nilikihesabu kuwa changu. Nilichosubiri ni yeye kukitoa tu.

Tatizo lilikuwa udongo. Kule Chiungutwa udongo ulikuwa na mchanga wake ndani. Ukiuchimba, unaukanda na kufinyanga, basi. Huu wa kwetu, wa mtelemkoni, ni laini na mzito, na ukiupeleka motoni peke yake hupasuka. Mdogo wangu alikuwa akitwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, anachekecha unga wake na kuuchanganya na udongo mbichi. Wiki ile niliyorudi alinieleza yote hayo, kwa adabu. Nilimjibu kwamba nilianza kufinyanga wakati yeye bado ananikojolea mgongoni. Alicheka, na hakulitaja tena.

Basi mimi nikawa natia mchanga nilioutoa bondeni, na vyungu vikawa vinapasuka. Nilikuwa nakaa mbali na moto nikisikia pa, kimya kidogo, halafu pa nyingine. Majivu hayajapoa, huyo mdogo wangu anakuja na kikapu.

"Shikamoo dada. Naomba vigae."

Nilikuwa na hakika ananicheka. Kila aliponiomba, niliona anahesabu aibu yangu kipande kwa kipande, apeleke kwa Mama. Hata uungwana wake ulinichoma. Akichimba udongo alichukua mzigo mmoja tu, akafukia shimo na kulitandika majani. Kuni zake zilikuwa zile zilizoanguka zenyewe, na maji ya kunawia mikono aliyarudisha kwenye udongo, kwa kuwa huku juu maji yalikuwa safari ya asubuhi nzima. Watu walimsifu kwa hayo. Mimi nilijiambia ni ubahili tu.

Nikaanza kumnyima. Kila nilipoteremka bondeni kuchota maji, nilijaza vigae vyangu kwenye debe tupu, na kwenye kona moja ya mtelemko, penye jiwe kubwa, nikavimwaga. Kisha nilichota maji na kupanda mlima nimeridhika kabisa. Mdogo wangu akija na kikapu chake, namwambia hakuna.

Siku moja asubuhi Mama alikuwa anachota maji ya kunywa kwenye mtungi wake, ule mkubwa wa pembeni, wenye nakshi shingoni kama chale za uso wake mwenyewe. Mkono ulimtetemeka, kata ikagonga, mtungi ukalala ubavu na kuvunjika. Mdogo wangu alikuwa shambani kwenye mihogo. Mama akatoka nje, akakaa chini.

Nilisimama kwenye lile tope nikivitazama vile vipande, na jambo la kwanza lililonijia ni kwamba mdogo wangu akivikuta atavitwanga, atafinyanga mtungi mwingine, na atasifiwa tena. Nikafagia vyote, hata shingo yenye nakshi. Nikavibeba hadi penye jiwe langu na kuvimwaga.

Niliporudi nilimwambia Mama nyumba ni safi, hakuna wa kujikata mguu. Akaniuliza vigae viko wapi. Nikamwambia.

"Mle mlikuwa na mtungi wa mama yangu," alisema. "Na kwenye ule wa mama yangu mlikuwa na wa mama yake. Umewatupa wote."

Ndipo aliponieleza kwamba mtungi wa mama ukivunjika, binti huutwanga na kuutia ndani ya wake. Yeye alifanya hivyo kwa mtungi wa bibi, na bibi kwa mtungi wa mama yake. Jambo hili binti huambiwa siku anapokabidhiwa vigae vyenyewe. Siku Mama alipokuwa akivitwanga vya bibi, mdogo wangu ndiye aliyekuwa karibu naye, akaambiwa, na mimi nilikuwa Chiungutwa. Hata hapo, badala ya kuona haya, nilianza kwa kuona wivu kwamba mwenzangu aliambiwa kabla yangu. Haya ilikuja baadaye, na ilipokuja nililia.

Mdogo wangu aliporudi shambani alisikia yote. Alichukua kikapu, akateremka, akarudi jua likiwa limepinda, kikapu kimejaa. Alikuwa ameokota vya Mama pamoja na vyangu vya miezi yote ile, kwa sababu vilikuwa lundo moja.

Nilimwomba avitenganishe vyangu. Nilisema ni vya mchanga, ni vibovu, visichafue vya Mama. Kwa kweli niliogopa jinsi vilivyokuwa vingi. Mama akachukua kimoja, akakipangusa vumbi.

"Hiki cha nani?"

Nilikigeuza huku na huku. Sikujua.

"Basi," alisema. "Twangeni vyote."

Halafu akafungua pindo la kanga, akampa mdogo wangu kijiwe, mbele yangu. Mimi akaniambia nitakuwa naazima.

Tulitwanga siku iliyofuata, kinu kimoja, michi miwili, tukipokezana. Unga wenyewe aliugawa sawasawa, nusu yake na nusu yangu, akanifungia wangu kwenye jani la mgomba. Nilifinyanga mtungi mmoja, polepole kuliko nilivyowahi kufinyanga. Ulipoanza kushika ugumu nikaenda kuazima kijiwe. Alinipa. Kusugua kulichukua asubuhi moja.

Sikukirudisha. Nilikificha chini ya mkeka, na kila siku nilikitoa na kuweka kidole gumba pale kilipoliwa. Kilinikaa sawasawa. Siku ya kuchoma, mtungi wangu ulitoka motoni mzima. Niliugonga kwa ukucha ukalia vizuri, na mimi nikalia pia. Mama akanywea humo. Kesho yake ndipo nilipokipeleka kijiwe kwa mwenyewe.

Nilimkuta uani amekaa chini, anaivunjavunja mitungi miwili mibichi na kuiloweka ndani ya sufuria la maji, aanze upya. Ilikuwa imekauka mno, haisuguliki tena. Ilikuwa inakingoja kijiwe siku zote zile, na nyumba yangu ilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwake. Hakuja kukidai, wala hakumtuma mtu.

Nilikiweka mkononi mwake. Alifuta udongo kwenye vidole, akakifunga kwenye pindo la kanga kama alivyokuwa akifanya Mama, akanisogezea kigoda nikae.

Hakuniuliza kitu. Hilo nalo nilimwonea wivu, na bado namwonea.