Maji ya Kupigia Sifuri

Jina la Sifuri tulimpa wenyewe pale maabara, naye akalipokea kwa moyo mkunjufu. Alikuwa mpimaji wa mamlaka ya maji, na kabla ya kupima chochote ilikuwa lazima "apige sifuri". Anajaza maji safi kabisa kwenye kichupa cha kioo, anakifuta kwa kitambaa laini, anakitumbukiza ndani ya mashine na kufunga kifuniko. Mashine inapitisha mwanga usioonekana kwa macho. Maji yasiyo na kitu yanauacha mwanga upite, na hapo mashine inaambiwa: hii ndiyo sifuri yako. Maji mengine yote yanalinganishwa na hayo. Yakiwa na naitreti, ile chumvi inayochuruzika kutoka kwenye mbolea na vyoo, yanameza sehemu ya mwanga na namba inapanda.

Mimi nilikuwa meza ya pili, upande wa vijidudu. Nimekaa na mtu yule chumba kimoja miaka na miaka, na nakwambia hakuna binadamu aliyenichosha kama yeye. Ukiacha alama ya kidole kwenye kichupa chake, utahubiriwa mpaka ujute kuzaliwa na vidole. Chai alikunywa nje, mvua inyeshe isinyeshe, eti mvuke unaharibu lenzi. Nikamwambia mkewe ana moyo wa chuma.

"Mke wangu hana lenzi," akajibu, tena bila kucheka.

Kitu kimoja tu kilimlegeza: mjukuu. Binti yake alijifungua akarudi kukaa kwa wazazi, nje kidogo ya mji, jirani na mashamba ya mboga. Maziwa yake yalikataa kutoka, mtoto akawa wa chupa: maziwa ya unga na maji ya kisima cha pale nyumbani. Kisima kile Sifuri alikipima mwenyewe mara kwa mara, na kila akipata namba ndogo anatembea kifua mbele. "Babu anakupimia mwenyewe," alikuwa akiiambia picha ya mtoto kwenye simu, mbele yetu, bila haya.

Kisha mtoto akaanza kubadilika. Mwanzoni alikuwa mlegevu tu. Halafu midomo ikaingia rangi ya kijivu, na kucha vilevile. Mama yake alidhani ni baridi, akamwongezea blanketi. Zahanati walimsikiliza kifua, wakasema kiko safi. Nilipoonyeshwa picha mpya nikamgeukia.

"Mzee, na maji je?"

"Maji?" Alinitazama kama nimemtukana. "Maji nimepima mimi."

Nikarudi kwenye meza yangu. Utabishana vipi na mtu anayelowa mvua kwa ajili ya lenzi?

Sasa, maji yale ya kupigia sifuri hayakushuka mbinguni. Tuliyapata kwa kupitisha maji ya bomba kwenye chujio la ukutani, lililojaa chembe za kunasa chumvi. Chembe zile huchoka. Zikishajaa, maji yanatoka kama yalivyoingia, meupe vilevile, hayana harufu wala ladha. Chujio jipya liliagizwa kitambo, na kila tukiuliza stoo tunaambiwa liko njiani.

Siku lilipofika, Sifuri alilifunga mwenyewe huku akipiga mluzi. Akajaza kichupa, akakifuta, akapiga sifuri. Kisha akachukua maji yaliyobaki ya chujio la zamani akayapima, nadhani kwa mchezo tu.

Mluzi ukakatika. Namba ilikuwa kubwa kupita ile tunayomruhusu mtu kunywa. Akafuta kichupa, akarudia, ikatoka ileile.

"Haya ndiyo yaliyokuwa sifuri yangu," akasema.

Sikumwelewa upesi. Akanieleza kwa sauti ya chini: bomba letu na kisima chake vinanyonya ardhi moja. Naitreti ilivyoongezeka kisimani ndivyo ilivyoongezeka kwenye maji ya kupigia sifuri, na mashine, kwa kuwa imefundishwa kwamba hayo ndiyo safi, ikawa inasema hakuna kitu. Akatoa kwenye friji chupa ya maji ya kisima cha nyumbani, akapima upya. Namba ilikuwa kubwa zaidi ya ile ya kwanza. Niliogopa kumtazama usoni. Sote tulijua naitreti inavyoifanya damu ya mtoto mchanga ishindwe kubeba hewa.

"Piga simu," nikamwambia. "Piga sasa hivi!"

Nikachukua simu yake, nikambonyezea mimi na kuweka sauti kubwa.

"Shikamoo, baba."

"Mtoto asipewe maji ya kisima. Hata tone, mwanangu."

"Aa, baba, usiwe na wasiwasi. Tangu aanze kuumwa nayachemsha kwelikweli. Nayaacha mpaka yabaki nusu sufuria, ndipo namkorogea maziwa."

Sifuri akafumba macho. Vijidudu vyangu mimi hufa kwa moto. Naitreti haifi. Maji yanaondoka na mvuke, yenyewe inabaki sufuriani, imekolea.

"Amekunywa lini mara ya mwisho?"

"Ndiyo kwanza namtoa chupa mdomoni," binti akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Leo kaimaliza yote."