Mtungi wa Samaki Katika Basi la Malindi

Andika kama nisemavyo, wala usipambe.

Nyumbani kwetu Kisauni, katika birika la uani, tulifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, kama wafugwavyo katika mabirika ya misikiti. Niliwapenda samaki wale, ingawa sikumwambia mtu. Dada yangu, aliyeolewa Malindi, hakuwa nao. Na miaka ile ya kuelekea uhuru bwana afya alikuta viluwiluwi katika birika lake, akaapa kwamba akivikuta tena atalifukia kwa kifusi. Birika lile alijengewa na marehemu baba yetu. Nikaazimia kumpelekea samaki.

Namna ya kuwasafirisha niliijua. Sikuwalisha tangu siku iliyotangulia, ili wasichafue maji. Niliwatia katika mtungi wa udongo, ambao hupoza, pamoja na maji yaleyale ya birika waliyoyazoea. Sikuujaza, ili pabaki hewa. Kisha nikaufunga mdomo kwa kitambaa chepesi. Hofu yangu ilikuwa moja: mwenye mtungi ndani ya basi huombwa maji, na maji hayanyimwi. Kwa hiyo nilichagua kusafiri mwezi wa Ramadhani. Msafiri ameruhusiwa kula, lakini katika basi lile hakuna aliyetaka kuonekana wa kwanza. Nikaupakata mtungi wangu, nikijiona nimewaweza.

Tulipokwisha kuvuka Mtwapa, katikati ya mashamba ya katani, gurudumu lilipasuka, na lile la akiba halikuwa na pumzi. Dereva alihangaika na magurudumu hayo mpaka jua likazama. Abiria wakatoa tende zao. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakageuka kuutazama mtungi wangu. Maji mengine yaliyokuwapo yalikuwa ya rejeta, katika debe la dereva, nayo yalinuka mafuta.

Mwuza nguo mmoja mnene alinijia na tende yake mkononi, akaniamkia kwa adabu, akanieleza kwa kirefu thawabu za amfuturishaye aliyefunga. Nikamwambia maji yale yana wenyewe.

"Wenyewe ni nani, dada?"

Nikafungua kitambaa. Akachungulia, akaitazama tende yake.

"Hawa nao wamefunga?"

"Tangu jana," nikamjibu.

Basi zima likacheka. Bibi kizee mmoja hakucheka. Alikuwa ameegemea dirisha, midomo imemkauka. Nikachota kata ya maji, nikayachuja kwa upindo wa leso yangu, nikampa. Baada ya huyo sikuweza kumnyima mwingine. Mwuza nguo alisita, akasema kwamba samaki hufanya humo kila jambo lao. Nikamwuliza kama yeye, asukutuapo msikitini, huwafukuza kwanza walio birikani. Akanywa.

Nilipoufunga tena mtungi, maji yalikuwa yamebaki ya kufunika migongo tu, na samaki walikuja juu wakitweta. Nikatangaza kwamba kila aliyekunywa atarudisha.

Gurudumu likatengenezwa, tukaondoka. Tulipofika Kilifi, tukawa tunangoja pantoni ya kutuvusha, abiria wakateka maji kisimani. Maji mageni yakiwaingia samaki kwa ghafula huwaua. Nikawaamrisha wayatie funda kwa funda, kama walivyoyanywa. Wakapanga mstari. Mwuza nguo alitaka kumwaga kata nzima. Nikamrudisha nyuma ya mstari, akaenda. Pantoni ikafika, dereva akapiga honi. Nikamwambia apige apendavyo. Hakuna abiria aliyepanda mpaka nilipofunga kitambaa.

Malindi nilimkuta samaki mmoja amekufa. Waliobaki waliteremka hadi chini ya birika la dada yangu, wakaanza kazi bila kungoja daku.

Bwana afya aliporudi, alichota kata ya maji, akaiinamia. Akachota upande wa pili, akaiinamia zaidi. Dada yangu, ambaye nilikuwa nimekwisha kumsimulia yote, alimwambia kwa upole:

"Kunywa tu, bwana. Basi zima limefuturia hayo."

Akaitua kata ukingoni taratibu, akaaga. Kifusi hakikuja.